CD ya Mama Niliyoijaribu Mwanzo Tu

Kwenye ukuta wa duka langu la zamani, karibu na stendi ya Bariadi, niliandika kwa rangi nyekundu: AKIBA HAIOZI. Chini ya maneno hayo nikachora CD yenye macho mawili na tabasamu, maana nilikuwa kijana na nilijiona mbunifu. Kazi yangu ilikuwa kuchapa barua, kutoa kopi na kuchoma CD. Watu waliniletea picha za mahafali, video za harusi, nyimbo za kwaya. Mzee mmoja alileta hata picha za fahali wake aliyekufa. Niliwachomea wote, nikawatilia CD kwenye kifuko, nikawaambia bila kupepesa macho kwamba sasa kumbukumbu yao ni ya maisha. Boksi la zile CD tupu liliandikwa hivyo, nami sikuwa mtu wa kubishana na boksi.

Baada ya miaka michache wakaanza kurudi. CD haifungui, au inafungua halafu inakwama bibi harusi akiwa katikati ya kukata keki. Sikuwapokea vizuri. Nilizigeuza CD zao kwenye mwanga, nikaona alama za vidole, nikawauliza kama walizishika kwa mikono yenye ugali. Mama mmoja wa kwaya nilimwambia mbele ya watu kwamba CD si sahani. Aliondoka, na mimi nikaona nimeshinda. Leo nikimwona njiani nitampisha kwanza, halafu nitamwomba radhi.

CD zilizokufa watu hawakuzitupa. Ukienda Dutwa hata sasa utaziona zimefungwa nyuma ya baiskeli ili zing'ae zikipigwa na taa za magari, au zinaning'inia kwa kamba kwenye mashamba ya mtama kufukuza ndege. Siku moja nilisimama kando ya shamba, nikausoma mwandiko wangu mwenyewe ukizunguka juu ya masuke: "Kipaimara, nakala ya kwanza." Nilikasirika siku nzima. Sikujiuliza kwa nini mtu atundike kipaimara cha mwanawe shambani. Nilijua tu kwamba watu hawana heshima na vitu.

Mimi heshima nilikuwa nayo. Nyumbani kwangu kulikuwa na CD moja ambayo kwa miaka kumi na miwili hakuna mtu mwingine aliyeigusa.

Ilikuwa ya mama yetu. Alipougua, na sote tukajua ugonjwa ule unaelekea wapi, alikuwa amelala nyumbani kwetu Ngulyati. Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wake, alikuwa na miaka minane. Kati yangu na yeye walizaliwa wengine, hawakukaa. Siku moja mama aliniita, akaniuliza kama ile mashine yangu ya mjini inaweza kumshika mtu akizungumza na kumtunza mpaka mtoto akue. Nikamwambia inaweza. Akaniuliza tena, kama mtu anayenunua ng'ombe kwa muuzaji asiyemwamini. Nikamjibu, "Mayu," yaani mama, "inatunza maisha yote."

Alichotaka ni kumfunda binti yake kabla yeye mwenyewe hajaondoka. Mama yake mwenyewe alifariki yeye akiwa msichana, akaja kufundwa na watu wa ukweni, na siku zote alisema maneno yale yalimpwaya kama gauni la kuazima. Hakutaka binti yake naye aazime. Akaweka masharti mawili. CD ifunguliwe wiki ya harusi ya mdogo wangu, siyo kabla. Na mimi nisisikilize. Hilo la pili wala hakuhitaji kulitaja, kwa kuwa kwetu mwana wa kiume aliyekwisha kuwa mtu mzima hakai kusikiliza mama akimwambia binti mambo ya ndoa; hata mlangoni hasimami. Ningetoka bila kuambiwa.

Niliazima kamera kwa jirani yangu wa mjini aliyekuwa akipiga video za harusi, nikaja nayo Ngulyati siku ambayo mdogo wangu alikuwa shuleni. Nikaiweka mezani, nikaiwasha. Mama alikuwa amejifunga kanga mpya juu ya nguo ya kulalia, amekaa kwenye kigoda. Alianza na mambo mengine kabisa, nami nilikuwa na haraka. Mwishowe akanitazama, nikaelewa, nikatoka nje, nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa mpaka aliponiita nije nizime.

Kesho yake dukani niliichoma CD. Spika nilizizima kabisa. Kompyuta ikaniambia kazi imekamilika. Nikaifungua, nikaiona sura ya mama inacheza, nikaitoa. Kisha nikaifuta video kwenye kompyuta, na kwenye kamera pia. Kompyuta ile ilikuwa ya kila mtu: aliyekuja kuchapa barua alipekua, aliyesubiri umeme urudi alipekua. Sikutaka maneno ya mama yangu kwa binti yake yasikilizwe na watu wanaongojea kopi za vyeti. Nilikuwa nimechagua CD iliyo bora kuliko zote dukani. Nikaibandika stika ya karatasi yenye maua, nikaandika MAMA, nikaifunga kwenye kilemba chake. Nikaitia ndani ya sanduku la bati, na sanduku nikalipandisha juu ya kabati, mbali na panya na watoto, chini kidogo tu ya paa la bati lisilo na dari.

Mama alifariki kabla ya mvua za kwanza.

Kila mwaka, mwezi ule aliofariki, nililishusha sanduku. Nilijifungia chumbani, nikaifuta CD kwa kitambaa laini, nikaiweka kwenye deki. Mama alitokea akiwa kwenye kigoda, akaweka sawa kanga begani, akauliza, "Imewaka?" Hapo nilizima. Ipo, nilijiambia, inafungua vizuri. Nikaifunga tena na kuirudisha juu, na moyo wangu ukatulia mwaka mzima. Nilijiona mwana mwema. Nasema hivi kwa aibu, lakini ndivyo nilivyojiona.

Mdogo wangu alijua iko. Alipokuwa kidato cha tatu alikuja likizo, akaniomba nimwekee hata dakika moja.

"Sura yake ninaipata kwenye picha," aliniambia. "Sauti hainijii, kaka. Nikimkumbuka, anaongea kwa sauti ya mama mdogo."

Nikamjibu kwamba amri ya marehemu haivunjwi na kwamba siku yake itafika. Akalia. Nikamwambia machozi hayo ayatunze kwa ajili ya harusi. Haikunijia hata kidogo kwamba yale ya mwanzo hayakuwa siri ya mtu, na kwamba ningeweza kumwekea lile neno moja, "Imewaka?", kisha nikazima. Mlinzi mzuri nilikuwa, wa kumlinda mtoto asimsikie mama yake.

Mwaka huu, msimu wa pamba ulipokwisha, siku ya harusi ikapangwa. Mdogo wangu siku hizi ni fundi cherehani Lamadi, na mume wake anatoka kwenye familia ya wauza dagaa, watu wa ziwani wanaocheka kwa sauti kubwa. Nilifurahi kuliko bwana harusi. Duka langu la kuchoma CD lilikwisha kufa kitambo, sasa nauza vipuri vya baiskeli, na kompyuta za siku hizi hazina hata mahali pa kuingizia CD. Nikaona niihamishie video kwenye flashi, ili aitazame kwa simu yake akiwa peke yake kama mama alivyotaka.

Kwa sababu ya lile sharti, sikuweza kumpa fundi yeyote tu. Niliuliza huku na kule mpaka nikaelekezwa kwa dada mmoja anayetengeneza kompyuta kwenye kibanda karibu na soko. Nikamweleza kwamba ikibidi kusikiliza, asikilize yeye tu, na mimi asinisimulie. Alinitazama kidogo, akasema hajawahi kupewa kazi yenye mwiko, lakini amekubali.

Siku ya pili akanipigia nije. Niliikuta CD mezani, stika ya maua imeinuka pembeni. Fundi aliinyanyua akaielekeza dirishani, nikaona mwanga unapenya. Karatasi ilipoinuka ilikuwa imeondoka na ule utando wa rangi ya fedha, vipande vipande.

"Kaka, hii karatasi nani aliibandika?"

Nikamwambia ni mimi.

Hakunisema. Ingekuwa nafuu kama angenisema, kama mimi nilivyowasema wengine. Alinieleza taratibu kwamba watu wanaogopa mikwaruzo ya chini, kumbe maandishi yenyewe yanakaa karibu na upande wa juu, na gundi ya stika inaula. Joto nalo linaichosha rangi iliyobeba maandishi. Akasema CD ya kuchoma mwenyewe haina umri unaoweza kuapia: nyingine inadumu miaka mingi kwenye droo la baridi, nyingine inakufa kabla mtoto hajaanza shule. Dawa yake ni kuwa na nakala zaidi ya moja, mahali tofauti, kuzifungua mara kwa mara mpaka mwisho, na kuhamia kwenye kitu kipya kabla cha zamani hakijachoka. Nilitikisa kichwa kama mwanafunzi, mimi niliyekuwa na ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu.

Kisha akanionyesha kwa kidole. CD inasomwa kuanzia katikati kwenda nje. Mwanzo wa mazungumzo unakaa karibu na tundu, mwisho unakaa ukingoni. Alikuwa ameijaribu kwenye mashine tatu. Amepata dakika kumi na saba za kwanza. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, mashine zote tatu hazikuona kitu.

"Siku ulipoichoma," akaniuliza, "uliijaribu mpaka mwisho?"

Nikamjibu kwamba mwisho haukuwa wa kusikilizwa na mimi.

Aliikunja na kuikunjua ile pembe ya stika. "Basi siwezi kukuambia ilikufa lini," akasema. "Inawezekana ni gundi na joto. Inawezekana mwisho haukushika tangu siku ile ya kwanza."

Siku ile ya kwanza video ilikuwa bado iko kwenye kompyuta. Ningeweza kuiacha CD icheze mpaka mwisho bila sauti, macho yangu yakitazama picha tu, na heshima ya mama isingepungua hata punje. Ningeweza kumwita mama mdogo, mdogo wake mama anayeishi Migato, akaja akasikiliza, akaniambia neno moja tu: ipo, au haipo. Miaka kumi na miwili nilikuwa nashusha sanduku kuhakikisha kitu ambacho labda hakikuwemo. Nililia pale kibandani, mtu mzima, mbele ya wateja waliokuja kurekebishiwa simu. Fundi aliwaambia warudi baadaye.

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuja Ngulyati kwa ajili ya wiki ya harusi, na mama mdogo alikuwa amefika kutoka Migato. Njia nzima nilitunga maneno ya kuanzia, na yote yalikuwa ya kujitetea. Nilipofika nilimkuta mdogo wangu amekaa kivulini anashona upindo wa gauni lake mwenyewe. Yale niliyotunga yakapotea.

"CD nimeiharibu," nikamwambia. "Aliyokuachia mama hayapo."

Sindano ikasimama. "Yote?"

"Yamebaki ya mwanzo. Yale kabla sijatoka nje."

Alikata uzi kwa meno, akalikunja gauni vizuri, akaliweka juu ya mkeka. "Weka," akasema.

Tukaingia ndani, nikachomeka kwenye simu yake flashi niliyopewa na fundi, tukakaa watatu na mama mdogo kuitazama. Mama akatokea, akaweka sawa kanga begani. "Imewaka?" Mdogo wangu akaziba mdomo kwa kiganja. Mama mdogo akatazama chini.

Mimi pia nilikuwa sijawahi kwenda mbele ya neno lile. Mama alimsalimia binti yake, "Mwangaluka," akanyamaza kidogo kana kwamba anangoja aitikiwe, na mdogo wangu akaitikia. Halafu akaanza habari za kuku. Yule tetea wa madoa mwenye mguu mbovu ni wake, alisema, pamoja na vifaranga vyote, kaka yake asije akamuuza. Akaeleza jirani gani anazira bure na gani ana haki ya kuzira. Akamkumbusha kwamba alipokuwa mchanga alikuwa hanyamazi mpaka abebwe na kutembezwa mpaka zizini, akisikia ng'ombe wanacheua ndipo analala. Kisha akafika kwenye michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Michembe usiikague kwa juu, alisema. Gunia linaweza kuwa zuri mdomoni na chini limekwisha kuliwa na wadudu. Ingiza mkono mpaka chini, kila mwezi.

Hapo ikasikika sauti ya kijana, nyembamba, yenye haraka: "Mama, hayo kila mtu anayajua. Sema ya maana, betri inaisha."

Nilikuwa nimeisahau kabisa sauti ile yangu ya ujana. Mama hakukasirika. Aligeuza uso kwangu, akasema, "Na haya ni ya kwake." Akaendelea na michembe mpaka alipomaliza. Kwenye video nasikika nikishusha pumzi, makusudi, ili anisikie.

Kisha akanitazama kwa lile jicho la kunitoa. Nikanyanyuka. Kamera ilikuwa kati yetu na mlango ulikuwa upande wa pili, nikapita mbele yake. Shati langu la mistari likaijaza picha yote, likamfunika mama, na hapo video ikaganda. Tulingoja. Haikuendelea. Kilichobaki kwenye simu ya mdogo wangu ni mgongo wangu.

Aliirudisha mwanzo. Akaitazama mara ya pili, na mara ya tatu, na kila mara aliitikia ile salamu. Kwenye habari za yule tetea alicheka, machozi yakimtoka, akaniuliza kama nilimuuza. Nikakiri kwamba nilimuuza. Mara ya tatu, ilipofika kwenye mgongo, hakuirudisha tena. Akaweka simu mapajani.

"Huko nje ulisikia nini?"

Jambo hilo sikuwahi kumwambia mtu. Nilikaa mbali makusudi na maneno sikuyasikia, nikamwambia. Nilisikia sauti yake ya chini, ile aliyokuwa akihesabia mayai. Ilienda, ikasimama, ikaenda tena. Mahali fulani alikohoa, nikanyanyuka, akaendelea, nikakaa. Karibu na mwisho alicheka peke yake, kile kicheko chake cha kujizuia. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu mpaka nikataka kuingia. Ndipo akaniita nije nizime, na nilipoingia akaomba uji, akaumaliza wote. Siku zile alikuwa hamalizi uji.

"Alicheka," mdogo wangu akasema.

"Alicheka."

"Halafu akamaliza uji."

"Wote."

Akaniomba nimweleze tena. Nikamweleza, naye akanishika pale nilipoharakisha, akanirudisha kwenye kikohozi. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Nilijua nimemnyang'anya kitu kisicho na fidia, na bado alinisogezea kigoda nikae karibu.

Mama mdogo akasema kwamba maneno ya dada yake yeye hana. Siku ile hakuwepo, na asingeweza kuyabuni. Ila anayo ya kwake, na mdogo wangu asidhani ameyaazima, kwa kuwa yeye na marehemu walinyonya titi moja. Mdogo wangu akaegemeza simu yake kwenye chungu, juu ya meza ileile, akaiwasha. Wote wawili wakanitazama.

Nikanyanyuka. Safari hii sikupita mbele. Nilizunguka nyuma ya meza, nikambaa na ukuta, nikajipenyeza kati ya kabati na kiti mpaka mlangoni, nisiikatize picha hata kwa kivuli. Nje kinu kilikuwa palepale kilipokuwa siku zote. Nikakaa. Kuku wakapita. Ndani sauti ya mama mdogo ilianza, ile ambayo kwa miaka mingi mdogo wangu alimkumbukia mama, na kwa mara ya kwanza nilisikia jinsi zilivyofanana.

Jua lilikuwa limeanza kushuka waliponiita. Mdogo wangu alikuwa na macho mekundu na uso uliotulia. Sikuuliza kilichosemwa. Nilimwambia asogeze video mpaka mwisho kabisa, asikilize kama mama mdogo bado anasikika, halafu aitume kwenye simu ya mama mdogo na huko pia aifungue mpaka mwisho. Akishahakikisha, ndipo aniite.

Nikatoka nje tena, nikakaa kwenye kinu, nikasubiri.